Jalada la Shukrani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya mama yangu mdogo, vilivyonizidi kidole kizima, nimevijaza pamba mbele. Nilitoka Ujiji asubuhi kwa miguu, nikapita Gungu, nikaingia Kigoma mjini natembea kama bata, lakini kichwa juu. Wasichana wa rika langu waliokuwa na kazi ya ofisini walihesabika, na mimi nilitaka kila mtu barabarani ajue kwamba Mwajuma binti Ramadhani anakwenda kuandikishwa ukarani.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ofisi ya serikali, ina bendera mbele na mkubwa mmoja ndani ambaye wote tulimwita Mkuu. Nilipangiwa masjala. Ninyi wa kompyuta huenda hamjui masjala ni nini. Ni chumba ambacho barua zote zinazoingia ofisini hufikia humo kwanza na kulala humo mwisho. Karani wa masjala huifungua barua, huigonga mhuri wa kupokelewa, huipa namba, huitoboa na kuifunga kwenye jalada lake. Kisha upande wa kushoto wa jalada huandika dokezo, yaani mstari mmoja au miwili ya kumwambia mkubwa barua inataka nini, maana mkubwa hana muda wa kusoma kurasa sita. Kwa hiyo, wajukuu zangu, msidanganyike. Mkubwa alikuwa akisoma kile ambacho karani amekiona.

Aliyenipokea alikuwa Karani Mkuu wa Masjala, Mzee Bukuru, Muha wa milimani, mrefu, mkavu, suruali yake imepigwa pasi hadi mstari wake unakata. Hakunikaribisha kiti. Alinisukumia barua.

"Binti, soma hii, kisha niambie huyu bwana anataka nini."

Nikaanza juu, kwa sauti ya shuleni. Ukurasa wa kwanza salamu za Mkuu. Wa pili salamu za mke wa Mkuu na watoto wake mmoja mmoja. Wa tatu habari za mvua na afya ya mbuzi. Mzee Bukuru akaniachia nisome mpaka koo likakauka, kisha akaninyang'anya karatasi na kuigeuza.

"Barua ya kuomba husomwa toka mkiani," akasema, akaweka kidole kwenye mistari miwili ya chini kabisa. "Haya, hapa."

Pale chini paliandikwa: baada ya hayo machache, naomba Mkuu umwambie baba mkwe wangu anipunguzie mbuzi wawili.

"Umeona? Mtu wa kwetu hawezi kuingia nyumba ya watu akaomba kabla hajakaa. Barua yake ni vilevile. Inabisha hodi, inakaa, inakunywa maji, halafu inasema shida wakati wa kuaga. Wewe kazi yako ni kumsubiri mlangoni anapoaga."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na nililishika mno, kama mtakavyosikia.

Barua hizo tulizifunga kwenye jalada lililoandikwa Maombi Binafsi, lakini sisi wenyewe tuliliita jalada la shida. Lo! Mimi nimesoma shida za watu mpaka nikawa sishangai. Mwalimu mmoja aliomba uhamisho ili awe mbali na mama mkwe wake, na alituchorea na ramani ya umbali alioutaka. Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi alimwomba Mkuu amwambie nahodha wa meli asubiri siku moja, maana jua lilikuwa halijatoka na dagaa wake hawajakauka. Barua yake ilinuka dagaa hivyo hivyo, ikanukisha jalada zima. Za kutoka vijiji vya kaskazini ya ziwa, Mwamgongo na kule, zilikuja na alama za vidole vya mawese. Watu walimwomba Mkuu jina la mtoto, walimwomba awapatanishe na kaka zao, walimwomba tairi la baiskeli. Nilicheka sana miaka ile ya mwanzo, lakini Mzee Bukuru hakucheka hata mara moja.

"Huyu wa tairi," aliniambia siku moja nilipokuwa najishika mbavu, "ametafuta mtu wa kumwandikia, ametafuta karatasi, ametembea kutoka alikotoka. Unadhani alikuwa anatania? Barua ya shida isilale hapa siku mbili. Ipande juu."

Na kweli zilipanda. Zilikwenda kwanza kwa Afisa Tawala, kijana wa kusini mwenye sauti nzito na mwandiko mbaya ambao hamjapata kuuona, kisha zikaingia kwa Mkuu. Zilizokuwa hazipandi ni barua za shukrani. Hapo pana kisa chake. Mkuu aliyetangulia alipenda kusifiwa, alikuwa akizisoma shukrani zake kwa sauti kwenye mikutano hadi watu wanasinzia. Alipokuja huyu wa pili, mtu mfupi, mkimya, mwenye kutembea mikono nyuma, siku ya kwanza tu aliingia masjala mwenyewe.

"Barua za kunisifu msiniletee," akasema. "Nitavimba kichwa bure. Zipokeeni, zifungieni huko huko."

Tukafungua jalada jipya, tukaliandika Shukrani. Karani akipokea barua ya shukrani aliandika herufi mbili tu, WJ, yaani weka jaladani, basi, imelala. Jalada hilo nilipewa mimi, na nililipenda kwa sababu halikuwa na kazi.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Sina haja ya kuwasimulia yaliyowatoa watu Burundi, wenyewe wapo na wanasema vizuri kuliko mimi. Sisi tuliona walivyofika. Wengine walishuka mitumbwi kwenye vijiji vya ziwani, wakapokelewa na wavuvi, wakalazwa kwenye nyumba zile zile zenye watu tayari. Wengine walikuja kwa nchi kavu, kwa miguu, wakapelekwa kambi iliyokuwa upande wa Kasulu. Mtu aliandikishwa pale alipofikia, na akishaandikishwa haruhusiwi kuondoka bila kibali. Ukiangalia hapo utaona jambo: mke akipita majini na mume akipita milimani, kila mmoja anaandikishwa kwake, na baina yao kuna karatasi.

Ofisi yetu ikajaa kazi. Nilikuwa nimeshazoea, kiatu changu mwenyewe mguuni, natembea na kalamu sikioni. Kila Ijumaa lori la chakula lilirudi kutoka kambini na dereva alituletea bahasha ya barua. Nami, kwa kuwa nilikuwa mwepesi, nilipewa barua zote za kambini.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba barua zile ziliandikwa na mkono mmoja. Mwandiko mzuri, wa kulala, wa mtu aliyefundishwa na wamisionari. Jambo la pili, zote juu ziliandikwa Yah: Shukrani. "Yah" ndiyo yahusu, pale panapotangaza barua ni ya nini. Nikazisoma kama nilivyofundishwa, toka mkiani. Mkiani nikakuta shukrani. Nikapanda kichwani, shukrani. Katikati, shukrani. Nikafurahi. Nikasema, watu hawa wana adabu, wamepoteza kila kitu na bado wanashukuru. Nikaandika WJ.

Moja naikumbuka neno kwa neno, na nina sababu ya kuikumbuka. Ilisema: "Mimi Yohana, fundi seremala, namshukuru Mkuu kwa kibali alichonipa cha kwenda Mwamgongo kumchukua mke wangu Spesioza, ambaye amelazwa kwa mvuvi mwema na ana mimba ya miezi mitano. Mungu akuongezee." Nikasema vizuri, amepata kibali chake. Vibali vyenyewe havikupita kwangu, vilitolewa kule kule kambini kwa amri ya juu, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganisha. WJ.

Baada ya wiki chache ikaja nyingine ya huyo huyo Yohana, anashukuru kwa kibali hicho hicho, shukrani zimezidi, mimba imefika miezi sita. Wakati wa chai nikawasomea wenzangu.

"Huyu seremala hachoki!" nikasema. "Mume wangu mimi nikimpikia samaki mgebuka wa nazi hasemi hata asante moja."

Tukacheka, nikaifunga jaladani, nikaendelea na chai yangu.

Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kuwahamisha watu waliotawanyika vijiji vya ziwani, wapelekwe kwa treni kwenye makazi mapya upande wa Tabora, wapewe mashamba. Orodha ya treni ya Jumatatu niliipiga taipu mimi, siku ya Alhamisi, nakala nne za kaboni, majina mia moja na kitu, yaliyokuwa yameshatangazwa vijijini wiki iliyotangulia. Nilipiga vizuri, bila kosa hata moja, na nilijisifu.

Ijumaa lori likaja. Bahasha nikaifungua. Juu kabisa Yohana, barua ya tatu. Nikatabasamu kabla ya kusoma. Nikaanza mkiani kama kawaida: "Na zaidi ya yote nakushukuru Mkuu kwa kulifuta jina la mke wangu katika treni ya Jumatatu iendayo Tabora, ili ajifungue nami nikiwepo."

Tabasamu likaganda usoni. Jina halikufutwa. Nililipiga mimi jana, namba sitini na tatu, Spesioza, mjamzito, Mwamgongo. Niliona vidole vyangu vikilipiga.

Nikaisoma tena. Nikalivuta jalada la Shukrani, nikazisoma za nyuma, si mkiani, bali zote, polepole, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. Huyu anashukuru kwa dawa za mtoto. Huyu anashukuru kwa turubai. Huyu anashukuru kwa ruhusa ya kwenda Gungu kumwona dada yake mgonjwa. Barua za watu ishirini na sita. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepewa kitu. Walikuwa wanaomba! Walikuwa wanaomba miezi mitatu, na mimi nimeketi juu ya maombi yao nakunywa chai. Toba yarabi! Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, na ninapowaandikia hivi sasa mashavu yananiwaka.

Nilikwenda kwa Mzee Bukuru nimelikumbatia jalada. Sikujua nianzie wapi, nikampa barua ya tatu na orodha ya treni. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Umeziweka ngapi?"

"Zote, Mzee."

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alinirudishia karatasi, akasema, "Nilikufundisha mkia, nikasahau kukufundisha kwamba kuna wanyama wasio na mkia. Kosa ni letu wawili. Twende juu."

Afisa Tawala alitusikiliza akiwa amesimama. Alisema orodha imeshapelekwa stesheni na Tabora wameshapigiwa simu, na jina likishapelekwa namna hiyo haliwezi kufutwa na yeye, wala na karani, ila na Mkuu kwa mkono wake. Na Mkuu alikuwa ameondoka asubuhi ile kwa boti kukagua vijiji vya kaskazini ya ziwa. Atarudi Jumapili alasiri, atashukia Kibirizi.

"Nitamweleza Jumatatu asubuhi," akasema.

"Treni inaondoka Jumatatu asubuhi, Ndugu," nikasema. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

Akanitazama. "Basi mwandikie barua, Bi Mwajuma, umpelekee Kibirizi. Wewe si ndiye mwenye barua?"

Jumamosi nzima niliandika na kuchana. Hebu fikirieni. Miaka kadhaa nimesoma barua za kumwomba mkubwa fadhila, najua kila namna ya kuomba, na sasa zamu yangu imefika sina neno. Nikianza na salamu naona zinachelewa. Nikianza na kosa langu naona najitetea. Mama yangu alinikuta uani Ujiji, makaratasi yamenizunguka.

"Wewe unaomba kazi nyingine?" akaniuliza.

"Naomba radhi, mama."

"Basi usiseme mengi. Radhi haitaki maneno mengi."

Mwisho nikaandika kama Yohana.

Jumapili Kibirizi palikuwa pamejaa. Dagaa wameanikwa mchangani mpaka huoni pa kukanyaga, wachukuzi wanapiga kelele, kina mama wanageuza dagaa na kunifukuza nisikanyage mali yao. Nilisimama tangu adhuhuri na gauni la Idi. Boti ilipofika, Mkuu alishuka suruali ameikunja magotini, viatu mkononi. Nikamwendea kabla ya dereva wake hajamfikia.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Bi Mwajuma? Kuna msiba?"

"Hapana, Mkuu. Bado." Nikampa karatasi.

Alisoma pale pale, miguu majini. Ilikuwa na mistari mitatu: Yah: Shukrani. Nakushukuru Mkuu kwa kulifuta jina namba sitini na tatu katika treni ya kesho, na kwa kumpa Yohana seremala kibali cha kumchukua mke wake. Mungu akuongezee.

Akainua uso. "Unanishukuru kwa jambo ambalo sijalifanya."

"Ndiyo, Mkuu. Ndivyo wenzetu wa kambini wanavyoomba. Ameandika hivi mara tatu, na mimi nilidhani umeshafanya, nikamweka jaladani. Na si yeye peke yake. Wako ishirini na sita."

Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke, kina mama wa dagaa wamesimamisha mikono wanatutazama. Mkuu hakunitazama mimi, alitazama karatasi.

"Mtu akikushukuru hivi," akasema polepole, "unabaki na nafasi gani ya kukataa?" Akaninyooshea mkono. "Kalamu."

Kalamu ilikuwa sikioni kwangu. Aliandika nyuma ya karatasi, ameiegemeza mgongoni mwa dereva wake: Asante hii nimeipokea. Jina lifutwe. Kibali kitolewe leo. Kisha akasaini.

"Peleka stesheni mwenyewe," akaniambia. "Kesho saa mbili nataka jalada lile mezani kwangu, lote. Na utapata barua ya onyo."

Nilikimbia. Mwanamke mzima na gauni la Idi, natoka Kibirizi mpaka stesheni nakimbia. Stesheni Masta alilikata jina kwa rula na wino mwekundu mbele ya macho yangu, nami nilimwomba alikate tena mara ya pili, akanitazama kama nimerukwa na akili, akakata. Kibali kikapelekwa kambini, na Ijumaa iliyofuata Yohana alipita na lori la chakula kwenda kuchukua boti ya Mwamgongo. Sikumwona, dereva ndiye aliyenieleza, na alisema jamaa alikaa juu ya magunia njia nzima bila kusema neno.

Onyo nililipata kweli, kwa maandishi, nami nikalifunga kwenye jalada langu binafsi kwa mkono wangu mwenyewe, maana hiyo nayo ilikuwa kazi ya masjala.

Barua za wale ishirini na tano waliobaki tulizipandisha zote. Nyingi zilipata. Turubai lilipatikana, dawa zilipatikana. Moja ilichelewa. Ni yule aliyeshukuru kwa ruhusa ya kwenda Gungu kumwona dada yake. Dada alikuwa amezikwa wiki mbili nyuma. Hapo nilimwomba Mzee Bukuru ruhusa, nikapanda lori la chakula, nikaenda kambini mwenyewe. Mwenye barua, mzee aliyefiwa na dada yake, alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifariji wala hakunilaumu. Alisema tu, "Umekuja," akanipa kigoda nikae, tukakaa. Jambo lile halijanitoka mpaka leo na sitaki linitoke.

Siku ile ndipo nilipomwona mwenye mwandiko wa kulala. Alikuwa katekista mzee aitwaye Barnabasi, amekaa mbele ya hema, ubao magotini, watu wamepanga foleni. Nikamuuliza kwa nini haombi kama watu wengine.

"Mkubwa haombwi, dada," akaniambia kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani. "Ukimwomba, umemwambia hajaiona shida yako. Unamtia aibu. Mimi humshukuru kwanza, ili afanye bila kuaibika."

"Sasa barua hazijibiwi, Mzee, hukushtuka?"

"Nilidhani moyo wake mgumu. Ndiyo maana niliongeza shukrani."

Sijui kama ndiyo desturi ya Warundi wote. Nimeuliza wengi, wengine wamekubali, wengine wamecheka. Ilikuwa desturi ya Mzee Barnabasi, na iliwatosha watu kambi nzima. Tukapatana, yeye na mimi: aendelee kushukuru kama apendavyo, ila achore msalaba mdogo pembeni pale penye shida. Tangu hapo nikiona msalaba naipandisha.

Nilifanya kazi masjala hiyo mpaka nikastaafu. Mzee Bukuru aliondoka, kiti chake nikakikalia mimi. Nimewatumikia Wakuu wengi, wapole na wakali, na kila karani mpya aliyekuja kwangu nilimsukumia barua siku ya kwanza, nikamwambia asome yote, kichwa, tumbo na mkia. Walininung'unikia. Kazi ile niliipenda, sijutii. Nilipata nyumba ndogo hapa Ujiji, nina kuku, nina wajukuu wanaonifundisha simu.

Lakini kuna kitu kimoja kilinikera kwa miaka yote hiyo, nami nakisema bila haya. Yohana hakuandika tena. Mtu aliyeshukuru mara tatu kwa kitu ambacho hakukipata, alipokipata akanyamaza jii! Kila Ijumaa nilifungua bahasha nikiutazamia ule mwandiko, nikikosa nanuna. Nilimwambia Mzee Bukuru, akasema binadamu ndivyo walivyo. Sikuridhika.

Wiki yangu ya mwisho ofisini akaja mama mmoja dirishani, mtu mzima, kitenge safi, na gunia dogo kichwani. Nyuma yake alisimama binti mkubwa.

"Shikamoo, dada. Namtafuta Bi Mwajuma. Nimeleta shukrani."

Mkono wangu ulikwenda kwenye kalamu wenyewe. "Haya, karibu. Shida gani?"

"Hakuna shida."

"Mama, sema tu. Nimekaa hapa miaka mingi. Unataka nini?"

Akacheka, akatua gunia kwenye dirisha langu. Maharage. "Mimi ni Spesioza, wa Yohana seremala. Tuko kule kule upande wa Kasulu, tuna shamba. Huyu ndiye aliyekuwa tumboni. Tumesikia unaondoka kazini, mume wangu akasema sasa naweza kuja."

Nilimtazama yule binti, mrefu, ananitazama na yeye. Furaha ilinijaa mpaka nikakosa pa kuiweka, nikaamua kugomba.

"Sasa ndiyo mnakuja! Miaka yote hii hata mstari mmoja? Nimewasubiri mimi!"

Spesioza akashangaa kabisa. "Lakini Yohana alishashukuru mara tatu, dada. Tungeandika ya nne, si mngedhani tunaomba kitu kingine?"